Uzi wa kutu kwenye magari ya zamani: ukiiona nje, ndani imeshakula. Tiba, kinga na wapi pa kuangalia

FundiUvungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Nimeona nifungue uzi mmoja wa kutu maana maswali yanakuja vipande vipande, na majibu mengi ni yale yale: kwangua, paka rangi, endelea na safari. Kwa gari lenye miaka ishirini na kitu, hapo umeficha tatizo, hujalitibu.

Kutu inahitaji chuma, hewa na maji. Chumvi si lazima, ila ikiwepo inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi na kazi inakwenda mbio. Chuma huwezi kukiondoa na hewa iko kila mahali, kwa hiyo vita yote ni ya maji: yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na yanakaa muda gani.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanahangaika na maji ya nje, ya mvua inayopiga boneti, wakati hayo yanakauka ndani ya saa moja. Yanayoua gari ni yale yaliyo ndani. Chukua mlango. Maji yanaingia kupitia mpira unaofuta kioo, na hilo si kosa, mlango umeundwa hivyo. Yanashuka ndani na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vya ukingo wa chini. Vitundu vikizibwa na vumbi na majani, mlango unageuka karai. Boksi la chini ya milango ni hivyo hivyo, na boksi za chesisi vilevile.

Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Kutu inaanza upande wa ndani ambako rangi ya kiwandani ilipita juu juu au haikufika kabisa, inapekecha unene wote, na ikikaribia kutoka ndipo rangi ya nje inainuka. Inainuka kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana hata mabati mawili yaliyobanwa pamoja kwenye maungio, kutu ikiingia katikati, inayapanua mpaka nukta za kuchomelea zinaachia.

Kwa hiyo lengelenge dogo nyuma ya gurudumu ni hatua ya mwisho ya safari, siyo ya kwanza.

Kwenye ukaguzi mimi naanza na kapeti, siyo na rangi. Inua kapeti za mbele, bonyeza sponji ya chini yake kwa kiganja. Ikiwa na unyevu, usipoteze muda kujadili rangi, kwanza tafuta maji yanakotoka. Baada ya hapo chini ya vizibo vya mpira sakafuni, chini ya betri (asidi ikimwagika inakula rangi halafu kutu inamalizia), kingo za chini za milango, uvungu wa tairi la akiba ndani ya buti, na maungio ya madigadi na bodi. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina mlio mkavu, bati lililolika linajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine mpini unazama. Ukizama, una jibu.

Karibuni tuchangie.

---

Kiroba_Cha_Spana

Mkuu asante kwa uzi. Langu lina malengelenge pande zote mbili, nyuma ya matairi ya nyuma. Fundi wa bodi kaniambia atakwangua, apige puti (ule udongo wa kujazia bati), apake rangi, jioni nachukua gari. Nimkubalie?

---

DadaMsasa

Kaka Kiroba, nipo kwenye rangi, ngoja nikujibu mimi.

Ukikubali gari litatoka linang'aa, ila halitakwenda mbali. Puti ina unga wa mawe laini ndani yake na inanyonya maji. Ukiipaka juu ya tundu, upande wa nje umefunikwa na rangi sawa, lakini mgongo wake uko wazi ndani ya madigadi, unakutana na matope kila siku. Inanyonya, inalowesha kingo za bati pande zote, na malengelenge yanarudi yakiwa mduara mkubwa kuliko wa kwanza. Puti ni ya kunyoosha bati zima lenye bonde. Haijawahi kuwa kiraka.

Mwambie akwangue mbele yako mpaka chuma cheupe. Akifika kwenye chuma cheupe na hakuna tundu, una bahati, hiyo ilitoka nje, labda jiwe lilitoboa rangi. Ukiona vitobo vyeusi vidogo vidogo kama sindano, kutu bado imo ndani ya vitobo hivyo na msasa hautaifikia. Hapo ni ama kupiga mchanga kwa upepo au dawa ya asidi. Tundu likitokea, ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Halafu suala la praima, yaani rangi ya kwanza inayokaa chini ya rangi yenyewe, watu wanalipuuza sana. Praima za kawaida za kujazia na kusugua zina vinyweleo, zinapitisha maji. Gari likikaa na praima ya kijivu peke yake kwa miezi likisubiri pesa ya rangi, chini yake kutu inaendelea kimya kimya. Inayoziba kweli ni praima ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha). Epoksi kwenye chuma kitupu kwanza, puti ikihitajika ikae juu ya epoksi, kisha praima ya kujazia, kisha rangi. Na usichanganye epoksi na ile praima ya asidi chini yake mpaka mtengenezaji wa rangi aseme zinapatana, maana nyingi hazipatani na rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Anayenunua gari la zamani atembee na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba isikwaruze. Ipitishe kwenye madigadi na chini ya milango. Pale inaposhindwa kushika kuna puti nene. Ila kuna magari yenye boneti au milango ya alumini, hapo sumaku haishiki na hakuna ujanja wowote uliofanyika, kwa hiyo lijue gari kwanza kabla hujamwita muuzaji tapeli.

---

Mzee wa Landa

Nyie vijana mnasumbuka bure. Sisi tulikuwa tunanyunyiza oili chafu ya injini uvunguni mara moja kwa mwaka, na chesisi zile zipo mpaka leo. Epoksi ya nini?

---

Kiroba_Cha_Spana

Dada Msasa nimekuelewa, nitasimama pale pale wakati anakwangua. Mzee wa Landa umenichanganya tena 😂

---

FundiUvungu

Mzee wangu shikamoo. Sitakubishia kwamba oili inazuia kutu, inazuia. Inafukuza maji na inapenya kwenye maungio kuliko rangi yoyote. Ugomvi wangu ni na neno "chafu". Oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi za uchomaji, unga wa chuma na vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi. Unailalia chini ya gari inakudondokea usoni. Halafu inavimbisha mipira ya springi na ya mikono ya mbele, na ikigusa diski za breki hapo hatuzungumzii kutu tena. Inachuruzika pia, ndani ya miezi kadhaa imekwisha na iliyobaki imeshika vumbi, na kila ulipoegesha umechafua udongo.

Mafuta safi ya kuzuia kutu yapo, na yapo ya lanolini, yaani mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo. Haya yanabaki laini na kunata, yakikwaruzwa kidogo yanajifunika tena. Kwa uvungu wa gari linalotembea njia mbaya, mimi huchagua hayo kuliko kitu chochote kigumu. Yanataka kurudiwa kila mwaka, ndiyo, lakini kurudia kwenyewe ni faida: kila mwaka unalazimika kuingia chini na kuangalia.

Ninayoipinga kwa nguvu zote ni lami. Ile nyeusi nene inayopakwa uvunguni gari "lipendeze". Ikiwa mpya inafunika vizuri. Ikizeeka inakauka, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanapita kwenye ufa na kujificha kati ya lami na chuma ambako hayakauki. Nje unaona weusi safi, na ukichokonoa kwa bisibisi linatoka bamba zima la lami, mgongoni limebeba karatasi ya kutu ya rangi ya chungwa yenye umbo lile lile la chesisi. Kama gari lako lina lami ya zamani, papasa kwa vidole kila mahali palipovimba au palipo na sauti ya uwazi, bandua hapo. Iliyoshika imara iache.

---

Mzee wa Landa

Marahaba. Lami nakuunga mkono. Oili chafu tutaonana uso kwa uso siku moja.

---

Njia_Panda

Wajuvi, hizi dawa za kupaka juu ya kutu ikageuka nyeusi, ni kweli au kiini macho?

---

MaabaraYaNyuma

Ni kweli, zikitumika mahali pake.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina asidi ya fosfori. Inakutana na kutu, inaigeuza kuwa fosfeti ya chuma, tabaka la kijivu au jeusi lililoshika. Ya pili ina asidi ya tanini, inatoa rangi ya bluu nyeusi, na mara nyingi imechanganywa na gundi ya plastiki inayobaki kama praima. Zote zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma. Ukipaka juu ya magamba, dawa inageuza gamba la juu tu, chini yake kutu haijaguswa, na gamba likidondoka linaondoka na dawa yako. Brashi ya waya na mkwanguo vinatangulia daima. Chuma kikavu, kisicho na grisi.

Ya fosfori inataka uangalifu wa ziada. Iliyozidi ioshwe na ikaushwe kabla ya rangi, la sivyo rangi haishiki, na epoksi ndiyo inayoumia zaidi. Usiimwage kwenye maungio ya mabati mawili ambako huwezi kuiosha, itabaki mle ikila chuma kizima. Glavu na miwani usiache.

Kwa vipande vidogo vinavyofunguka, kama bawaba, mabano na bolti za kawaida, kuna njia nzuri kuliko zote: umeme. Beseni la plastiki, maji, soda ya kufulia (sodiamu kaboneti) kijiko kikubwa kwa lita nne hivi, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kinafungwa upande hasi, kipande kingine cha chuma cha kutupa upande chanya, visigusane. Kutu inalegea mpaka unaifuta kwa brashi, na chuma kizima hakipungui. Kwenye upande chanya usitumie kabisa chuma cha pua. Kina kromu, na maji yatageuka sumu mbaya. Fanya nje penye hewa kwa sababu inatoka gesi ya haidrojeni, na zima chaja kabla hujagusa chochote. Springi na bolti ngumu zenye namba za juu kichwani usizitumbukize, haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu kikawa rahisi kukatika.

---

Njia_Panda

Asante mkuu. Na hivi vidude vya umeme unafunga kwenye betri, gari zima "linalindwa" na kutu? Maana kwenye meli nasikia wanatumia.

---

MaabaraYaNyuma

Kwenye meli na mabomba ya ardhini umeme unafanya kazi kwa sababu chuma kimezama kwenye maji au udongo wenye unyevu, ndiyo njia ya mkondo kurudi. Gari lako liko hewani juu ya matairi ya mpira. Mkondo haupiti popote. Nunua mafuta ya lanolini.

---

Cheche

Naona wachomeleaji hatujasikika. Mambo machache kwa anayekwenda kukatiwa boksi la chini ya milango.

Boksi lile siyo urembo. Kwenye gari lisilo na chesisi tofauti, ndilo mgongo wenyewe. Ukilikata gari likiwa limening'inia kwenye jeki mbili, katikati inashuka milimita kadhaa, unachomelea vizuri sana, halafu milango haifungi tena. Kabla ya kukata, fundi anayejua kazi anachomelea fimbo ya chuma kwenye uwazi wa mlango kuushikilia, na anapima nafasi ya mlango juu na chini. Ukiona hapimi kitu, uliza.

Kata mpaka chuma king'ae. Bati lililolika ukilichomelea linayeyuka na tundu linakua mbele ya macho yako, kila ukifukuza ukingo unakimbia. Kwa bati la milimita 0.8 natumia MIG (mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe kwa gesi), waya wa milimita 0.6, na napiga nukta moja huku, nyingine kule, naacha ipoe, narudi katikati. Anayevuta mstari mrefu kwa mara moja anapinda bati kwa joto.

Kiraka kisikae juu ya bati la zamani kama kifuniko. Hapo kati kuna mfuko wa maji tayari. Kiingie kwenye tundu, ukingo kwa ukingo, au kama lazima vipandane basi zinki ipakwe katikati na maungio yazibwe kwa silanti (gundi ya kuzuia maji) baadaye.

Na hili ndilo linalosahaulika na wengi kazini kwetu: joto la kuchomelea limeunguza rangi yote ya upande wa ndani. Nje umesugua, umepaka, umemaliza. Ndani kuna chuma kitupu cheusi ndani ya boksi lililofungwa. Bila nta kupulizwa ndani, kazi yako ina muda wake maalumu. Ila nta iingie BAADA ya kuchomelea, kamwe si kabla, inashika moto. Kapeti zitoke, waya wa betri ufunguliwe, mtu asimame na kizima moto. Karibu na tangi la mafuta sisogei mpaka litolewe. Na bati lenye zinki lisuguliwe zinki itoke kwenye ukingo kabla ya moto, moshi wake unampa mtu homa usiku.

---

Mzee wa Landa

Cheche amenena. Niongeze la Land Rover maana watu hudhani bodi ya alumini haina kutu. Alumini ikigusana na chuma penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Angalia milango ya Defender, ukingo wa chini ambako bati la alumini limekunjwa juu ya fremu ya chuma: rangi inavimba, ukikwaruza unatoka unga mweupe. Na ile fremu ya chuma ndani nayo inaoza kivyake. Unapofunga bolti hapo weka kitu cha kutenganisha, wasa ya plastiki au hata silanti.

---

Kiroba_Cha_Spana

Kwa nini magari ya baadaye hayaoti kutu hivi? Chuma si ni kile kile?

---

FundiUvungu

Zinki. Ikiwa juu ya chuma inaliwa yenyewe kwanza, hata rangi ikikwaruzwa. Porsche walianza katikati ya miaka ya 1970 kutumia bati lililochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwenye bodi ya 911, na Audi 80 iliyotoka 1986 ilikuwa na bodi yote ya bati la zinki. Wengine wakafuata polepole, kila mmoja kwa kasi yake. Lakini zinki inachelewesha tu, haikingi milele, na chesisi za pikapu nyingi hazina zinki kabisa. Mwaka 2016 Toyota ilikubali mapatano mahakamani Marekani kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinatoboka kwa kutu, na zilizotoboka zikastahili kubadilishwa. Hayo hayakuwa magari ya babu.

---

Njia_Panda

Sasa swali gumu. Nitajuaje gari limefika mwisho, si la kutengeneza tena?

---

Cheche

Kutu ya juu juu kwenye chesisi ya milimita tatu isikutishe, hiyo ni brashi, dawa, mafuta. Tazama iko WAPI. Uingereza kwenye ukaguzi wa magari wanapima sentimita 30 kuzunguka pale usukani, breki, springi na mikanda ya siti vinaposhikwa. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya eneo hilo gari linafeli. Ni kipimo kizuri hata kama hukaguliwi na mtu. Tundu katikati ya sakafu ni kero. Tundu lile lile kando ya bolti ya mkanda wa siti ni hatari.

Na usisahau mabomba ya breki. Yamefungwa kwenye vishikizo, chini ya kishikizo kuna tope, na hapo ndipo bomba linapolika usipoona. Sogeza kila kishikizo. Bomba lenye magamba halisuguliwi wala halipakwi kitu, linabadilishwa.

Nikiona chesisi imekunjika yenyewe pale springi zinapobanwa, au kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, nasema hapana. Kuna mteja alinisusa kwa jibu hilo. Sawa tu.

---

Kiroba_Cha_Spana

Mrejesho wakuu. Fundi kakwangua nikiwepo. Kushoto vitobo tu, kulia tundu linaloingia vidole viwili. Anakata kesho. Kapeti ya mbele upande wa abiria nimebonyeza, maji yametoka. Mvua yenyewe ilinyesha juzi. Yanatoka wapi?

---

DadaMsasa

Kabla hajapaka chochote, fungua plastiki iliyo chini ya wipa, mbele ya kioo. Chini yake kuna mfereji, pembeni kushoto na kulia kuna matundu ya kutolea maji. Kwenye magari mengi yameziba majani yaliyooza yakawa udongo, mfereji unajaa na maji yanaingia ndani kwa njia ya hewa ya feni. Yatoe kwa mkono, usisukume kwa presha ya maji ukayapeleka ndani zaidi. Kisha mwaga maji kidogo kwa chupa utazame yanatokea chini nyuma ya madigadi.

Yakitoka vizuri na kapeti bado inalowa, shuku mpira wa kioo cha mbele, na kama gari lina dirisha la paa, mirija yake inayoshuka ndani ya nguzo.

---

FundiUvungu

Na ukimaliza kuchomelewa, nta ya ndani ipulizwe kwa mrija mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote, kupitia vizibo vya mpira vilivyopo, usitoboe matundu mapya. Siku ya jua, gari kavu kabisa. Ingiza mrija mpaka mwisho, puliza ukiurudisha polepole. Ikianza kudondoka kwenye vitundu vya chini, imefika. Ikishatulia pitisha waya mwembamba kila kitundu, maana nta nayo inaziba.

---

Kiroba_Cha_Spana

Nimefungua plastiki ya wipa. Upande wa kulia kuna mche umeota 😂 Natoa sasa hivi.